Filamu, tamthilia fupi, tamthilia ndefu au vipindi vinavyojitegemea: utazame nini?

Mtu anayetazama kwa starehe tu, asiye mhakiki wala mfuatiliaji wa kila kinachotoka, hukabiliwa na tatizo ambalo wahakiki hawalizungumzii sana: sifa za kazi hazimwambii kama kazi hiyo inamfaa yeye, jioni hii, akiwa na uchovu alio nao na watu aliokaa nao. Tamthilia ya Marekani iitwayo The Wire, iliyorushwa kuanzia 2002 hadi 2008, imesifiwa kwa miaka mingi kuwa miongoni mwa tamthilia bora zilizowahi kutengenezwa, na kwa maoni yangu inastahili sifa hizo. Hata hivyo, mtu aliyetoka kazini akiwa hoi, akaifungua usiku wa manane huku akijibu ujumbe kwenye simu, atajichosha bure, na kesho yake atawaambia wenzake kwamba tamthilia hiyo haieleweki.

Ulinganisho huu kwa hiyo haupangi kazi kwa ubora. Unalinganisha aina nne za kutazama ambazo mtu husitasita kati yake: filamu moja inayojitosheleza, tamthilia fupi, yaani hadithi moja iliyogawanywa katika sehemu chache kisha ikafungwa, tamthilia ndefu ya misimu kadhaa, na vipindi ambavyo kila sehemu yake hujitegemea, vikiwemo vichekesho vya nusu saa na hadithi za upelelezi zinazoanza na kumalizika katika sehemu ileile.

Vigezo ni vinne. Cha kwanza ni muda, na hapa nina maana ya muda wote hadi mwisho, wala si wa sehemu ya kwanza pekee. Cha pili ni umakini na kumbukumbu: je, unaweza kutazama huku ukifanya jambo jingine, na je, ukikaa wiki mbili bila kuigusa utakuwa umepoteza nini? Cha tatu ni uhakika wa kupata mwisho unaoeleweka. Cha nne ni watu utakaotazama nao. Tuzo, umaarufu wa waigizaji na uzuri wa picha nimeviacha nje kwa makusudi, kwa kuwa kila mojawapo ya aina hizi nne ina kazi nzuri na ina takataka zake.

Muda

Filamu ndiyo inayotaja bei yake waziwazi tangu mwanzo, ila bei zenyewe hazilingani hata kidogo. 12 Angry Men, filamu ya mwaka 1957 iliyoongozwa na Sidney Lumet, inachukua dakika 96. Parasite ya Bong Joon-ho, iliyotoka mwaka 2019, inachukua dakika 132. Seven Samurai ya Akira Kurosawa, ya mwaka 1954, inakaribia saa tatu na nusu, na mtu anayeianza baada ya chakula cha jioni kwa kudhani kwamba filamu yoyote ni kitu cha saa mbili ataimaliza akiwa anasinzia, na huenda asione vita vya mwisho vilivyo kwenye mvua, ambavyo ndivyo vilivyobeba uzito wa yote yaliyotangulia. Kabla ya kubonyeza, tazama idadi ya dakika. Ni ushauri mdogo lakini wengi hawaufuati.

Tamthilia fupi husimama katikati. Chernobyl ya mwaka 2019, inayosimulia ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl, ina sehemu tano ambazo kwa jumla ni kati ya saa tano na sita, na The Queen's Gambit ya mwaka 2020 ina sehemu saba zinazozidi saa sita kidogo. Huo ni muda wa filamu tatu, ila umekatwa vipande ambavyo mtu mwenye kazi na familia anaweza kuvimeza jioni moja moja bila kuvuruga usingizi wake.

Tamthilia ndefu ni jambo jingine kabisa. Breaking Bad, iliyorushwa kuanzia 2008 hadi 2013, ina sehemu 62, na Game of Thrones, iliyorushwa kuanzia 2011 hadi 2019, ina sehemu 73, nyingi zikiwa za karibu saa nzima. Anayetazama sehemu mbili kwa wiki ataishi na Breaking Bad kwa zaidi ya miezi saba. Sisemi hivyo kumtisha mtu, kwa maana kuna raha ya pekee katika kuishi na wahusika kwa miezi, raha ambayo filamu haiwezi kuitoa. Ninasema tu kwamba anayeanza aanze akijua anachokubali.

Vipindi vinavyojitegemea vina hesabu ya ajabu, kwani jumla yake ni kubwa kuliko zote na wakati huohuo haina maana yoyote. Friends, iliyorushwa kuanzia 1994 hadi 2004, ina sehemu 236, na bado hakuna anayekudai uzimalize. Unatazama dakika 20 na kitu, unacheka, unazima. Kwa upande mwingine, Fawlty Towers, vichekesho vya Uingereza vilivyoandikwa na John Cleese na Connie Booth, vina sehemu 12 tu, sita za mwaka 1975 na sita za 1979, kwa hiyo aina hii humpokea hata yule anayetaka kumaliza kila anachokianza.

Kwa anayetaka kuona jinsi muda unavyobadilisha hadithi yenyewe, upo mfano ambao ni nadra kuupata ukiwa safi hivi. Ingmar Bergman alitengeneza Scenes from a Marriage kwa ajili ya televisheni ya Uswidi mwaka 1973, ikiwa na sehemu sita, kisha akaikata ikawa filamu ya sinema ya chini kidogo ya saa tatu. Hadithi ni ileile: Johan na Marianne, mke na mume wanaoonekana kuwa na ndoa tulivu, ambayo inaporomoka. Katika filamu mambo yanakufuata mbio, na ugomvi mmoja haujapoa kabla mwingine haujafika. Katika sehemu sita, kila sehemu ikifungwa unapewa nafasi ya kulala na ulichokiona, na siku inayofuata unarudi ukiwa umeshachukua upande, halafu sehemu mpya inakulazimisha uuache upande huo. Siwezi kusema kwamba moja ni bora kuliko nyingine. Ninachoweza kusema ni kwamba filamu ilinigonga na tamthilia ilinifanya nifikiri, na kuna jioni za kutaka kugongwa na jioni za kutaka kufikiri.

Umakini na kumbukumbu

Hapa ndipo watazamaji wengi wa kawaida huchagua vibaya, kwa sababu hukadiria muda wao na kusahau kukadiria macho yao.

Filamu nzuri hudai macho yote, lakini hudai mara moja tu, kisha inakuachia. Chukua tena 12 Angry Men. Wanaume 12 wa baraza la mahakama, yaani raia wa kawaida walioitwa kutoa uamuzi wa kesi, wamefungiwa chumbani waamue kama kijana mmoja alimuua baba yake; katika kura ya kwanza, 11 wanasema ana hatia na mmoja, anayeigizwa na Henry Fonda, anasema hana. Karibu filamu yote imo ndani ya chumba hicho kimoja. Anayesikiliza tu huku akikunja nguo atafuata hoja vizuri: kisu, miwani, mzee mwenye mguu mbovu. Lakini atakosa kitu ambacho Lumet alikipanga kwa uangalifu mkubwa. Mwanzoni kamera iko juu kidogo ya usawa wa macho. Filamu ikiendelea inashuka hadi usawa huo. Katika sehemu ya mwisho inashuka chini zaidi, hata dari inaanza kuonekana, na wakati huohuo lenzi zinabadilishwa ili kuta zionekane zikiwasogelea waliomo. Mtazamaji hahitaji kuyajua haya ili aanze kuona joto na kubanwa. Anahitaji tu kuwa anatazama.

Filamu za lugha usiyoifahamu huongeza dai hilo. Parasite imezungumzwa kwa Kikorea, na ukiitazama kwa manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, kila unapoangalia simu umepoteza sentensi. Ni kazi ya kuketi nayo, na malipo yake ni makubwa. Haifai kuwekwa iwe sauti ya nyuma wakati unapika.

Tamthilia fupi hudai macho na kumbukumbu kidogo. Chernobyl ina majina mengi ya Kirusi na Kiukreni, maelezo ya jinsi kinu cha nyuklia kinavyofanya kazi, na watu wanaotokea sehemu moja kisha wanapotea. Ukitazama sehemu zote ndani ya wiki moja, yote yanakaa kichwani. Ukiacha wiki tatu kati ya sehemu ya tatu na ya nne, ile hesabu ya mahakamani katika sehemu ya tano, ambapo mwanasayansi Valery Legasov anaeleza kwa vibao vyekundu na vya buluu kilichosababisha kinu kulipuka, itakupita juu ya kichwa, na hiyo kwangu ndiyo sehemu iliyo bora kuliko zote. Hapa niongeze jambo kwa wale wanaoichukulia kama somo la historia: mwanasayansi Ulana Khomyuk hakuwahi kuwepo, ni mhusika aliyebuniwa kuwawakilisha wanasayansi wengi waliochunguza ajali ile, na watengenezaji wenyewe wanalisema hilo mwishoni.

Tamthilia ndefu hudai kumbukumbu kuliko kitu chochote. Katika Breaking Bad, kitabu cha mashairi kinachopita machoni mwetu katika msimu wa tatu, kwa namna ambayo mtu angedhani ni pambo tu la chumba, hurudi katika msimu wa tano na kugeuza kila kitu. Sitasema kinavyogeuza, maana anayekuja kwayo sasa ana haki ya kushtuka kama tulivyoshtuka sisi. Anayekumbuka kitabu kile hupata raha ya mtu aliyewekeza. Aliyekisahau ataona mtu anashika kitabu na atauliza kwa nini muziki umebadilika. The Wire ni ngumu zaidi, kwa sababu kila msimu unahamia upande mwingine wa jiji la Baltimore, kutoka mitaa ya dawa za kulevya hadi bandarini, siasa, shule na gazeti, na hakuna anayekusimulia upya nani ni nani.

Vipindi vinavyojitegemea ndivyo pekee vinavyomsamehe mtazamaji. Columbo, aliyeigizwa na Peter Falk, kwa kawaida huanza kwa kutuonyesha mauaji na muuaji mwenyewe, kisha inaletwa koti kuukuu la mpelelezi na maswali yake yanayoonekana ya kijinga. Kwa kuwa muuaji umeshamjua, unaweza kuinuka ukachemsha maji, ukarudi, na usiwe umekosa zaidi ya swali moja. Kasoro yake imo humohumo: kwa kuwa hakuna unachohitaji kukikumbuka, hakuna kinachojengeka. Columbo wa mwisho ni yuleyule wa mwanzo.

Uhakika wa mwisho

Filamu nyingi hufika mwisho wake, na hilo ni jambo la kuthaminiwa. Pana tahadhari moja siku hizi: filamu kubwa hugawanywa. Aliyeingia kutazama Dune ya mwaka 2021 bila kujua kwamba inasimulia nusu tu ya kitabu alitoka nje akiwa na hadithi iliyokatika. Tamthilia fupi ndiyo yenye uhakika mkubwa zaidi, kwa sababu mwandishi ameshaijua sentensi ya mwisho kabla kamera haijawashwa. Lakini hata hapa, kazi ikipendwa sana, huwa kuna kishawishi cha kuiongezea msimu ambao haukukusudiwa.

Tamthilia ndefu ni bahati nasibu, na mtazamaji asidanganywe. Breaking Bad ilifika mwisho ambao watengenezaji wake waliuchagua, na watu wengi waliridhika. Game of Thrones iliyapita masimulizi ya vitabu ilikotoka, na msimu wake wa nane, wenye sehemu sita tu, uliwakasirisha mashabiki kiasi kwamba watu zaidi ya milioni moja walitia saini ombi la kutaka utengenezwe upya. Deadwood ilisitishwa mwaka 2006 baada ya misimu mitatu, na waliokuwa wakiifuata wakangoja hadi 2019 ndipo wakapata filamu ya kufungia. Kwa maoni yangu mwisho mbaya haufuti raha ya misimu minne mizuri. Nawajua, hata hivyo, watu wasioweza kuvumilia jambo hilo, na kwao ushauri ni mwepesi: wasianze tamthilia ambayo bado haijamalizika kurushwa.

Kwa vipindi vinavyojitegemea swali hili halina uzito, kwani kila sehemu ina mwisho wake. Angalia sehemu ya Fawlty Towers ambayo Basil, mwenye hoteli, amesikia kwamba wakaguzi wa hoteli wako mjini. Anamshuku mgeni mmoja msumbufu, anamnyenyekea kwa kila namna, kisha anagundua kwamba bwana yule ni muuza vijiko tu. Anamlipizia kisasi hadharani, kwa krimu na vyakula vya maziwa, na wakati huohuo wakaguzi wa kweli wamesimama mapokezi wakimtazama. Nusu saa, mwanzo, katikati na mwisho, na kila kipande kimefungwa kwa kingine bila uzi uliolegea. Filamu nyingi za saa mbili hazina mpango wa namna hiyo.

Watu unaotazama nao

Filamu inafaa zaidi kwa kikundi, kwa sababu wote huanza pamoja na kumaliza pamoja, na mazungumzo ya baada yake ni nusu ya starehe. Jaws ya mwaka 1975 ni mfano wa filamu inayonoga watu wakiwa wengi: papa wa mitambo alikuwa akiharibika mara kwa mara wakati wa upigaji picha, Steven Spielberg akalazimika kumwonyesha kwa nadra, na kwa hiyo kwa zaidi ya saa moja mnatishwa na maji na muziki tu, kila mmoja akimtazama mwenzake kama naye ameogopa. Ukiwa peke yako unaweza kujifanya shujaa.

Tamthilia fupi inafaa watu wawili wanaoweza kukubaliana jioni tano au sita. Angalieni yaliyomo kabla ya kuanza. Kwa mfano, sehemu ya nne ya Chernobyl ina tukio refu la askari wanaotumwa kuua mbwa na paka walioachwa, na nimemwona mtu mzima, aliyestahimili sehemu tatu za kwanza bila shida, akiinuka na kuondoka chumbani.

Tamthilia ndefu ikitazamwa na wawili huwa na sharti moja ambalo likivunjwa huleta ugomvi wa kweli: hakuna kutangulia. Ikitazamwa na watu wengi karibu kila mara huvunjika njiani, maana mmoja husafiri, mwingine huchoka, na anayebaki anamaliza peke yake. Vipindi vinavyojitegemea, kwa upande wao, humpokea anayeingia katikati, na watoto, wazee na wageni hucheka kitu kilekile bila kuhitaji maelezo ya jana. Wapo wasiovumilia vicheko vya hadhira vinavyosikika katika Friends. Ni suala la ladha, ila ni vizuri kujua kwamba sehemu kubwa ya vicheko hivyo vilitoka kwa watu halisi waliokuwa wamekaa studio.

Kuchagua kwa hali uliyo nayo

Filamu, basi, inamfaa mtu mwenye jioni moja nzima na macho yaliyo macho. Tamthilia fupi inamfaa anayetaka kuzama katika jambo moja kwa wiki moja kisha alifunge. Tamthilia ndefu inamfaa anayependa watu kuliko matukio, kwa kuwa kinachobaki baada ya misimu mitano huwa ni wahusika, na matukio mengi utayasahau. Vipindi vinavyojitegemea vinamfaa mwenye siku zisizotabirika.

Ukiwa umechoka kiasi cha kutoweza kusoma manukuu, usianze kitu kipya chochote. Weka sehemu moja ya Columbo au ya kichekesho ulichokwisha kukiona, na ulale. Ukiwa na wageni ambao hamfahamiani sana, chagua filamu isiyozidi saa mbili yenye jambo la kubishania, na 12 Angry Men hunusuru jioni kwa sababu kila mtu hutoka akiwa na mjumbe wake wa baraza anayemchukia. Ukiwa mgonjwa au likizoni, ukiwa na siku kadhaa zisizo na ratiba, hapo ndipo tamthilia ndefu hupata nafasi ya kujenga mazoea, kwani sehemu mbili tatu za mwanzo, ambazo mara nyingi ndizo nzito, unaweza kuzivuka kwa mkupuo mmoja.

Ukiwa unasita kati ya tamthilia fupi na ndefu, jiulize mara ya mwisho ulipoacha tamthilia ndefu katikati uliiacha katika msimu wa ngapi. Kama jibu ni msimu wa pili, au hukumbuki, chagua fupi mwaka huu. Kama uliacha kwa sababu tu mwenzako alitangulia, ianze tena, safari hii peke yako au na mtu mwingine.

Na kwa aliyeshindwa na The Wire baada ya sehemu mbili: kwa maoni yangu sehemu nne ndizo kipimo cha haki kwa tamthilia ya aina hiyo, na dakika 30 ndizo kipimo cha haki kwa filamu. Baada ya hapo unaweza kuzima bila kumweleza mtu.